Kuzuru Meli Isiyosafiri

Siku moja nilikuwa nimesimama katika feri ya Likoni pamoja na wanafunzi wangu, tukirudi kisiwani Mombasa baada ya ziara ya kutwa nzima. Upande wa Kilindini tuliiona meli kubwa nyeupe ya watalii imefungwa gatini. Ilikuwa na orofa juu ya orofa, na madirisha yake yalimetameta kwa jua la alasiri hata mtu asiweze kuyahesabu. Wanafunzi wote walinyamaza, jambo ambalo kila mwalimu ajua kuwa si la kawaida. Kisha msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, je, mtu asiye na nauli hawezi kupanda akatazama ndani tu, halafu akashuka kabla meli haijang'oa nanga?"

Nikamjibu kwamba zamani iliwezekana, lakini siku hizi ni vigumu. "Kwa nini, mwalimu?" Papo hapo feri ikagusa ng'ambo, watu wakaanza kusukumana na mikokoteni yao, nami sikupata nafasi ya kumweleza. Insha hii ndiyo jibu langu kwake. Limechelewa, lakini kawia ufike.

Yafaa tuanze na wakati ule milango ya meli ilipokuwa wazi. Kabla ya ndege kuenea, mtu aliyetaka kuvuka bahari kuu hakuwa na njia nyingine ila meli. Safari ilikuwa ya siku nyingi, na pengine ya majuma, na aliyeondoka hakujua kama atawakuta wazee wake hai arudipo. Kwa hiyo katika bandari kubwa za dunia, kama vile New York na Southampton, jamaa na marafiki waliruhusiwa kupanda pamoja na msafiri ili kumuaga. Walikaa chumbani mwake, wakanywa na kucheka na kulia, wakazunguka sitahani kutazama fahari ya chombo. Ulipokaribia wakati wa kuondoka, mtumishi wa meli alipita akigonga kengele ya shaba na kuwatangazia wasiosafiri washuke. Basi watu maelfu kwa maelfu waliwahi kukanyaga sitaha za meli kubwa pasipo kusafiri hata maili moja.

Desturi hiyo ilififia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ndege, ambayo nitaieleza baadaye. Ya pili ni hofu. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, mataifa yalikutana chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, na mwezi Desemba 2002 yakakubaliana juu ya kanuni mpya za ulinzi wa meli na bandari. Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Tangu siku hiyo kila gati lipokealo meli za safari za kimataifa hapana budi lizungushiwe ulinzi, na kila aingiaye hana budi kujulikana ni nani na ana haja gani. Haja ya kutazama tu haitoshi. Kanuni yenyewe siilaumu, kwa maana mlinzi wa mali na roho za watu hulala jicho moja. Lakini ni haki ya mwanafunzi kujua kwamba mlango uliofungwa ulikuwa wazi hapo awali, na kwamba kufungwa kwake kuna tarehe na sababu.

Hata hivyo ziko meli chache duniani ambazo zimefanya kinyume: zimeacha kusafiri, zikafungua milango yake kwa watazamaji. Huko Yokohama, Ujapani, yupo mkongwe Hikawa Maru, meli ya mwaka 1930. Huko Uholanzi ipo meli iitwayo Rotterdam, iliyorudishwa katika mji wa jina lake mwaka 2008. Na katika bandari ya Dubai, mji ambao vijana wengi wa Afrika Mashariki wameuendea kutafuta riziki, imelala Queen Elizabeth 2, iliyofunguliwa kuwa hoteli mwaka 2018. Lakini mama wa hizo zote kwa sifa ni Queen Mary, iliyoko Long Beach katika jimbo la California, Marekani. Kisa chake nitakisimulia kirefu kidogo, kwa sababu ndani ya chuma chake yamo mambo mengi ya karne ya ishirini.

Kisa hicho chaanza mwishoni mwa mwaka 1930, katika kiwanda cha kuundia meli cha John Brown, mjini Clydebank, kando ya mto Clyde huko Uskoti. Kampuni ya Cunard ilikuwa ikitumia meli tatu ili kila juma iondoke moja kutoka Southampton kwenda New York na nyingine kutoka New York kuja Southampton. Mahesabu yakaonyesha kwamba kama zingepatikana meli zenye mbio za kutosha, mbili tu zingeweza kuifanya kazi ya tatu. Ndiyo sababu chombo hicho kikakusudiwa kuwa kikubwa na chenye nguvu kupita kiasi: urefu wake ukawa karibu mita 311, na mitambo yake ya mvuke ikaweza kuzungusha rafadha nne. Kilipokuwa kikiundwa hakikuwa na jina, watu wakakiita kwa namba yake ya kiwandani, yaani 534.

Mwezi Desemba 1931 nyundo zilinyamaza. Biashara ilikuwa imeporomoka duniani kote, benki zilikuwa zimebana mikono, na kampuni haikuwa na fedha za kuendelea. Maelfu ya mafundi wakaambiwa waende makwao. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi gamba lile kubwa la chuma lilisimama juu ya mji, likila kutu na kulaliwa na ndege, na watoto wa Clydebank wakakua wakilitazama huku baba zao wakikaa vibarazani bila kazi. Hatimaye serikali ya Uingereza ikakubali kutoa mkopo wa pauni milioni 9.5, kwa sharti kwamba Cunard iungane na mshindani wake, kampuni ya White Star, ile iliyokuwa na Titanic. Mwezi Aprili 1934 mafundi walirudi kazini, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kukwangua kutu. Tarehe 26 Septemba 1934 meli ilishuliwa majini mbele ya Mfalme George wa Tano, na malkia wake, Mary, akaipa jina lake mwenyewe.

Safari ya kwanza ilianza tarehe 27 Mei 1936. Mwaka 1938 meli hiyo iliivuka Atlantiki kwa muda usiotimia siku nne, na sifa yake ya mbio haikuvunjwa hadi mwaka 1952. Ndani yake abiria walitengwa kwa madaraja matatu. Wa daraja la juu walikaa katikati, mahali ambapo chombo hakiyumbi sana. Wa daraja la pili walikaa upande wa tezi. Na wa daraja la tatu waliwekwa upande wa omo, ambako mawimbi hupiga kwanza. Hivyo hata kichefuchefu kiligawanywa kwa kadiri ya mfuko wa mtu.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, fahari hiyo ilivuliwa. Meli ilipakwa rangi ya kijivu kutoka juu hadi kwenye maji, mazulia na samani zikapelekwa ghalani, na mwaka 1940 ikaenda Sydney, Australia, kugeuzwa kuwa chombo cha kuchukulia askari. Vitanda vilijazwa kila mahali, hata ndani ya birika la kuogelea lililokaushwa, na askari wakalala kwa zamu. Mwezi Julai 1943 ilivuka kutoka New York ikiwa na watu 16,683, idadi ambayo ndiyo kubwa kupita zote zilizopata kuandikwa kwa meli moja katika safari moja. Ulinzi wake mkubwa ulikuwa mbio zake, kwa maana nyambizi za Ujerumani hazikuweza kuifuata. Amri ilikuwa kwamba isisimame baharini kwa sababu yoyote.

Amri hiyo ilijaribiwa vikali tarehe 2 Oktoba 1942. Queen Mary ilikuwa ikikaribia Ireland na maelfu ya askari wa Kimarekani, ikienda mshazari huku na huku ili kuwapoteza maadui. Manowari moja ya Kiingereza, Curacoa, ilikuwa imetumwa kuilinda. Kila chombo kilidhani kwamba mwenzake atampisha. Meli kubwa ikaipiga ile manowari ikaikata vipande viwili, nayo ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 330 walikufa. Wale waliokuwa wakielea majini waliiona Queen Mary ikiendelea na safari yake, kwa kuwa kusimama kungehatarisha roho za maelfu waliokuwamo ndani. Manowari nyingine ndizo zilizokuja kuokota kama watu 100 waliosalia. Habari hiyo ilifichwa hadi vita vikaribie kwisha, na kesi ya nani alikosa ilikuja kumalizika mwaka 1949, theluthi mbili za lawama zikiwekwa juu ya manowari na theluthi moja juu ya meli. Napenda wanafunzi walifikiri jambo hili: kama ungalikuwa nahodha, ungalifanya nini? Historia huuliza maswali ya namna hiyo, na wala haitoi majibu nyuma ya kitabu.

Baada ya vita meli ilirudia kazi yake mwaka 1947, ikajaa abiria kwa miaka kumi hivi. Kisha mwezi Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuivuka Atlantiki zikiwa na abiria wa kulipa. Safari ya siku nne ikawa ya saa chache. Katika miaka ya 1960 zilikuwako safari za majira ya baridi ambazo wahudumu walikuwa wengi kuliko wahudumiwa. Mwaka 1967 mji wa Long Beach uliinunua kwa dola milioni 3.45. Ilikuwa pana mno isiweze kupita katika Mfereji wa Panama, ikalazimika kuizunguka ncha ya kusini ya Amerika, na tarehe 9 Desemba 1967 ikafika mahali ambapo ipo hata leo. Watazamaji walianza kuingia mwaka 1971.

Mgeni aingiapo humo huona nini? Huona chumba cha kuongozea chenye magurudumu ya usukani na vyombo vya shaba. Huona ukumbi wa kulia chakula wa daraja la juu, na ukutani ramani kubwa ya bahari ya Atlantiki ambamo mfano mdogo wa meli, ulioundwa kwa kioo, ulisogezwa ili abiria wajue wamefika wapi. Huona kuta zilizopambwa kwa aina zaidi ya hamsini za mbao, zilizokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za dola ya Kiingereza, na hapo mwenye akili hujiuliza ni nani waliozikata, na walilipwa nini. Akishuka chini huona chumba cha mitambo cha nyuma, na rafadha moja kubwa iliyoachwa majini izungukiwe na kuta ili watu waichungulie.

Lakini mgeni mwangalifu huona pia yale yasiyokuwapo. Matangi yaliyochemsha maji kuwa mvuke yaliondolewa yote. Dohani tatu zinazoonekana leo si zile za mwaka 1936. Za zamani zilipong'olewa zilionekana zimeliwa na kutu, zikaundwa nyingine za mfano wake. Meli imezungushiwa mawe pande zote, inaelea, wala haiendi. Zaidi ya hayo, wakati ilipokuwa ikigeuzwa, askari wa ulinzi wa pwani wa Marekani waliamua kwamba kwa mujibu wa sheria hiyo si meli tena, ni jengo. Mara mafundi wa bara na mafundi wa bahari wakaanza kugombania nani ana haki ya kufanya kazi ndani yake. Mtu aweza kucheka, lakini swali lenyewe ni la maana: kitu kikiisha kuacha kazi yake, je, ni kile kile?

Wako wasemao kwamba kuzuru chombo kama hicho ni kujidanganya. Aisifuye mvua imemnyea, na asiyetapika katika dhoruba hawezi kudai kuwa aijua meli. Nakubali kwamba sakafu isiyotetemeka haifundishi bahari. Hata hivyo abiria aliyesafiri naye alikuwa na upofu wake. Mtu wa daraja la juu mwaka 1936 hakushuka kwenye moto wa matangi, na mtu wa daraja la tatu hakuingia katika ukumbi wenye ramani. Milango iliyokuwa imefungwa kati yao leo imefunguliwa, na mtazamaji asiye na nauli aweza kwenda kote kwa miguu yake, akapima kwa macho umbali uliokuwapo kati ya meza ya tajiri na kitanda cha maskini. Msafiri alijua safari. Mtazamaji aweza kujua meli.

Elimu hiyo haipatikani bure. Chuma hakijui heshima, na kutu huila meli tukufu sawasawa na bati la jikoni. Mwaka 2020 Queen Mary ilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na mwaka uliofuata wahandisi wakaonya kwamba ilihitaji matengenezo makubwa na ya haraka. Fedha nyingi za mji zikatumika kabla ya kufunguliwa tena mwaka 2023. Wapo raia wanaouliza kama haingekuwa bora fedha hizo zijenge shule. Nami kama mwalimu nalisikia swali hilo, wala sithubutu kulidharau.

Lakini nikiwaza hivyo huikumbuka meli nyingine. Katika mto ule ule wa Clyde, mjini Glasgow, ziliundwa meli mbili pacha zilizopewa majina ya Kenya na Uganda. Zilianza kazi mwaka 1951 na 1952, zikatoka London kupitia Mfereji wa Suez hadi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Beira na Durban. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 14,000. Zilichukua maafisa wa serikali, walowezi, wamishonari na wafanyabiashara, na mabaharia wake wengi walikuwa watu wa Bara Hindi. Ndege zikaanza kuwanyang'anya abiria, na Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita mwezi Juni 1967, njia yenyewe ikakatika. Uganda iligeuzwa kuwa meli ya kuwatembeza wanafunzi wa Uingereza, mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya visiwa vya Falkland, na mwaka 1986 ikapelekwa Taiwan kuvunjwa. Kenya ilivunjwa huko La Spezia, Italia, mwaka 1969. Hivyo meli iliyobeba jina la nchi yetu iligeuzwa kuwa vyuma chakavu, na hapana mtoto wa Kenya awezaye leo kuingia ndani yake akauliza nani alikaa wapi.

Miezi michache baada ya siku ile ya feri, yule msichana aliniambia jambo ambalo sikulijua. Babu ya mama yake alikuwa kuli pale Kilindini. Alipanda meli nyingi mno, za mizigo na za abiria, akazibeba shehena zake begani, akashuka. Na katika maisha yake yote hakusafiri hata kwa moja. Alikuwamo katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, wakati makuli na wafanyakazi wengine maelfu walipoacha kazi kudai ujira wa kutosha kula na kulala, na chama chao kikaongozwa na Chege Kibachia. Nikaona kwamba binti yule aliuliza swali lililokuwa nyumbani kwao tangu zamani. Watu wa kwetu walizuru meli bandarini bila kusafiri miaka mingi kabla ya Long Beach kuuza tiketi, ila wao walilipwa ujira mdogo kwa kufanya hivyo, na hakuna aliyewaonyesha ramani ya ukutani.

Basi ushauri wangu kwa vijana ni huu. Ukipata bahati ya kufika palipo na meli iliyostaafu, panda, tazama juu na chini. Usipoipata, usikae ukilalama. Nenda Bandari ya Kale uyaone majahazi. Nenda katika jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, ambako waweza kuyakaribia magari ya moshi yaliyoungana na meli kuleta watu na bidhaa bara. Na zaidi ya yote, watafute wazee waliofanya kazi gatini wakati bado wapo, uwaulize mzigo ulikuwa na uzito gani, nani alihesabu, na jioni walikula nini. Uyaandike maneno yao kwa kalamu yako. Chuma kilichovunjwa La Spezia hakitarudi, lakini kumbukumbu ya mzee haihitaji gati wala mkopo wa serikali. Yahitaji mtu wa kuketi naye barazani na kumsikiliza kabla jua halijatua.